Vali Tatu za Bi Mkubwa

Inspekta alipoingia kituoni asubuhi ile alikuta benchi la mapokezi limegawanyika kama nchi mbili zilizovunja uhusiano. Mwisho wa kushoto alikaa mkuu wa bendi, mzee wa masharubu yaliyochanwa kwa bidii kuliko nywele, amejipinda na kushika kiuno. Mwisho wa kulia alikaa binti yake, mjamzito wa kuhesabu siku, amekumbatia mkoba. Katikati palikuwa na nafasi ya watu wanne, na watu wanne walikuwa wamesimama ukutani, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kwenda kukaa pale.

"Afande, mimi sina maneno mengi," mkuu wa bendi alianza, na Inspekta akavuta kiti, maana alishawajua watu wasio na maneno mengi. "Huyu nilimpa vitu viwili vya thamani. Nilimpa binti yangu, na nikampa tarumbeta. Sasa kimoja kimepotea."

"Na mimi ndiyo hicho kilichobaki, au vipi, baba?" binti akauliza bila kugeuka.

"Wewe nyamaza, ukipandisha presha mtoto atasikia."

"Huyu" alikuwa mkwewe. Tangu harusi mzee hajawahi kumwita kwa neno jingine. Bendi nzima ilimwita Shavu, kwa sababu akipuliza tarumbeta mashavu yake huvimba hadi macho yanabaki vifundo viwili. Alikuwa anapiga tarumbeta la besi, chombo kinene cha shaba ambacho wanabendi walikiita Bi Mkubwa. Juzi jioni iligundulika kuwa Bi Mkubwa hayupo kwenye chumba cha bendi. Mlango haukuvunjwa, kufuli halikuguswa, na funguo zilikuwa mbili tu: moja ya mkuu wa bendi, moja ya Shavu. Kibaya zaidi, jirani alimwona Shavu jioni hiyohiyo akipita uchochoroni na mzigo mzito uliofunikwa blanketi. Alipoulizwa mzigo ulikuwa wa nini, Shavu alifunga mdomo kabisa, yeye ambaye kazi yake ni kuufungua.

Faili lilikuwa mezani, limekamilika isipokuwa sahihi. Alasiri hiyo Shavu angepelekwa mahakamani, na kwa mwendo wa mashauri ya pale mjini, mtoto wake angezaliwa na pengine kuota meno kabla baba hajarudi nyumbani. Binti wa mkuu wa bendi alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa amekaa pale tangu kituo kinafagiliwa.

"Mgongo huo una nini, mzee?" Inspekta aliuliza.

"Wacha tu, afande. Tangu juzi. Uzee na mawazo."

Inspekta alitia sahihi ya mapokezi, ila ile ya faili akaiacha. Mwanamke huyu, mfupi, mwepesi wa kucheka, wenzake walimwita Bi Kigawanyo nyuma ya mgongo wake, na wakati mwingine mbele yake, kwa sababu hakuweza kuona namba ya gari ikipita bila kuigawanya kwa kitu fulani. Alimwita Sajini, wakaingia chumba cha mahojiano.

Shavu alikuwa ameketi mbele ya meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa boksi lililokunjwa. Mashavu yamemwanguka. Inspekta alimtazama mikono kabla ya uso: kucha zilikuwa na madoa ya kahawia, na kidole gumba kilikuwa na kibanzi cha mti kilichotumbukia ndani.

"Mzigo ulikuwa nini?"

"Siwezi kusema, afande."

"Utakwenda jela kwa ajili ya kitu usichoweza kukisema?"

Shavu alitupa jicho kwenye ukuta wa mbao, ambao nyuma yake mtu alikuwa akikohoa kikohozi cha mwanamke mwenye hasira. "Si kitu kibaya," akanong'ona. "Ila nikisema hapa, kitasikika pale."

Inspekta aliinama kidogo kama anayeokota kalamu, akavuta hewa. Harufu ya vanishi. Akainuka na kubadilisha maneno.

"Haya, niambie habari za Bi Mkubwa. Nikikutana naye njiani nitamjuaje?"

Hapo mtu akafufuka. Shavu alieleza sauti yake, uzito wake, jinsi anavyoteleza begani. Bonde dogo shingoni alikuwa nalo, ila fundi yeyote angeweza kulinyoosha.

"Ana namba?"

"Anayo, mdomoni, pale palipopanuka kama kengele. Ndefu hiyo! Sijawahi kuisoma yote. Na hakuna mtu aliyewahi kuiandika popote, afande, si mimi wala mzee."

Sajini alishusha pumzi. Jana yake alikuwa ameliona tarumbeta la aina hiyohiyo kwenye duka la fundi wa vyombo vya muziki, lakini fundi alimtolea risiti yenye namba, na bila namba ya Bi Mkubwa hapakuwa na cha kulinganisha. Akarudi kituoni mikono mitupu.

"Ila vali zake ninazijua," Shavu aliendelea. "Vile vipande vitatu unavyobonyeza kwa vidole. Ninavitoa kila siku navipaka mafuta. Kila kimoja kina namba ndogo chini. Mia mbili kumi na moja, mia mbili ishirini na tisa, mia tatu kumi na tatu. Hata usingizini nitakutajia."

"Kila siku anampaka mafuta Bi Mkubwa," sauti ikapenya ukutani, "mimi hata chai najipikia!"

Inspekta hakucheka. Alikuwa ameduwaa, midomo ikicheza. Alijaribu kuzigawanya zile namba kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, kwa kumi na tatu, kwa kumi na saba, na zote zikamgomea.

"Ajabu," alisema. "Zote tatu ni tasa."

"Nani tasa, afande?" Sajini akashtuka.

"Namba. Namba tasa haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe."

"Mungu atazijalia," alisema Sajini kwa huruma, akaandika.

*

Chumba cha bendi kilikuwa nyuma ya ukumbi, chembamba, kimejaa harufu ya dawa ya kung'arishia shaba. Matarumbeta yalikaa kwenye vigingi, na nyuma ya kila kigingi ukuta ulikuwa umepata doa la umbo la chombo chake kwa miaka ya kukaa pale. Doa la Bi Mkubwa lilikuwa kubwa kuliko yote, na sasa lilikuwa halina mwenyewe. Mkuu wa bendi aliliangalia, akageuza uso haraka.

"Kesho kutwa tuna shindano," alisema. "Bendi bila besi ni nyumba bila sakafu."

"Vyombo hivi vyote ni vya karakana moja?"

"Vyote. Karakana ya fundi mmoja mkorofi sana, marehemu sasa. Alitengeneza kila kimoja kwa mikono yake, na alikuwa na madaha: vali za chombo kimoja hazikai kwenye kingine. Ukizibadilisha, zinakwama kama mlango uliovimba kwa mvua."

"Na namba ndogo za kwenye vali?"

"Saizi hizo, afande," mzee alijibu kwa uhakika wa mtu aliyeongoza bendi umri wake wote. "Saizi tu."

Inspekta alishusha tarumbeta dogo kutoka kigingini, akafungua vali zake na kuzipanga kwenye leso. Zilikuwa zimeandikwa 101, 103 na 109. Akazisimamisha pamoja, akazipima kwa jicho na kwa kucha.

"Saizi gani hizi, mzee? Unene ni mmoja, urefu ni mmoja."

Mzee alifungua mdomo, masharubu yakacheza, mdomo ukafungwa.

Mdomoni mwa tarumbeta palipigwa namba 1133927. Inspekta alijumlisha zile ndogo, hazikutoa kitu. Akazitazama tena, safari hii akiangalia mikia tu. Moja, tatu, tisa. Moja mara tatu, tatu. Tatu mara tisa, ishirini na saba. Na namba ndefu iliishia na saba. Moyo ukampiga kidogo, kama unavyompiga mtu aliyeona mkia wa kitu kikubwa kikijificha.

"Sajini, toa simu. Mia na moja mara mia na tatu, jibu lake mara mia na tisa."

Sajini, ambaye tangu shule alikuwa na ugomvi na hesabu usiopatanishika, alibonyeza kwa kidole kimoja kama anayegusa pasi ya moto. Kisha akatoa macho. "Milioni moja, laki moja na elfu thelathini na tatu, mia tisa ishirini na saba. Afande! Ndiyo yenyewe!"

"Usishangilie. Mara moja inaweza kuwa bahati."

Tarumbeta la pili lilikuwa na vali 113, 127 na 131, na mdomoni 1879981. Sajini akazidisha bila kuambiwa, na jibu likaja vilevile. La tatu likajibu hivyohivyo. Kufikia la nne Sajini alikuwa anawahi vigingi kabla ya Inspekta, anazidisha na kuchekelea, mtu ambaye jana angelipa faini kuliko kuzidisha.

"Sikiliza, mzee," Inspekta alisema. "Fundi wako hakuwa anaandika saizi. Alikuwa anakipa kila chombo ukoo. Vali tatu ni wazazi, namba ya mdomoni ni mtoto. Alichagua namba tasa makusudi, kwa sababu namba iliyozaliwa na tasa tatu ukiivunjavunja hadi mwisho huvunjika kwa njia moja tu. Anza kokote utakako, utaishia kwenye zilezile tatu. Hakuna wazazi wengine watakaojitokeza kumdai mtoto."

"Tasa zinazaa," Sajini alinong'ona. "Nilisema Mungu atazijalia."

"Basi zidisha za Bi Mkubwa."

Jibu lilipokuja Sajini aliliandika nyuma ya kiganja chake, kwa tarakimu kubwa: 15123847. Mkuu wa bendi alilisogelea kama anayeangalia picha ya ndugu aliyepotea. Kwa mara ya kwanza Bi Mkubwa alikuwa na jina kamili.

Inspekta naye alikuwa ameshatazama kwingine. Kwenye kona palikuwa na ngoma kubwa imesimama juu ya kigoda, na kando yake kigoda kingine kitupu.

"Hapa palikaa nini?"

"Ngoma ya pili. Ngozi ya upande mmoja ilichanika ikatoka yote. Imekwenda dukani kwa Bwana Risiti, yule fundi wa vyombo, kuvalishwa mpya. Alikuja mwenyewe kuichukua juzi mchana. Nikamsaidia kuipakia mkokotenini, na ndiyo iliyoniua huu mgongo. Mtu mzuri yule, alinipa pole njia nzima."

"Ulikuwa naye muda wote humu ndani?"

"Muda wote! Ningemwachaje mtu na vyombo?" Mzee alifikiri. "Ila nilipotoka kidogo kumwita mwenye mkokoteni."

Inspekta aliiendea ile ngoma ya kwanza, akaishika ukingoni, na kuinyanyua kwa mkono mmoja hadi kifuani. Akairudisha polepole mahali pake. Mkuu wa bendi alimtazama, akaitazama ngoma, akajishika kiuno, na rangi ya uso wake ikaanza kubadilika.

"Tupitie kituoni tuchukue hati ya upekuzi," Inspekta alimwambia Sajini.

*

Bwana Risiti alikuwa mwembamba, na alivaa miwani mbili, moja puani, nyingine juu ya paji la uso. Duka lake lilikuwa limejaa hadi darini: magitaa yananing'inia, vinanda vimebebana, na mezani msumari mrefu umechomekwa risiti hadi ncha. Ndizo zilizompa jina. Ungemuuliza saa ngapi angekupa risiti ya saa.

"Karibuni, karibuni! Sajini, umerudi? Kila kitu humu kina karatasi yake."

Tarumbeta la besi lilikuwa kwenye kabati la kioo, limeng'arishwa linawaka. Shingoni hapakuwa na bonde. Inspekta aliliomba, akaligeuza mdomo. Sajini akainama na kiganja chake, akasoma tarakimu mojamoja, na bega lake likashuka.

"Si lenyewe, afande. Hili ni 15128847."

"Nilimwambia jana," Bwana Risiti alisema kwa upole. "Na risiti yake ni hii, nambari ileile, nililinunua kwa msafiri mmoja mwaka jana. Poleni kwa usumbufu."

Inspekta alitabasamu tabasamu ambalo Sajini alilifahamu, akarudi hatua moja na kwenda kusimama mlangoni. Pale mlangoni palikuwa na ngoma kubwa, ngozi mpya nyeupe. Akaikalia.

"Sajini, tarakimu ngapi ziko sawa na zako?"

"Zote isipokuwa moja. Pale penye tatu, hapa pana nane."

"Tarakimu nane, saba zimekaa palepale zinapotakiwa. Bwana Risiti, unalijua tarumbeta hili ni la karakana gani?"

"Namfahamu fundi wake! Mihuri yake hii hapa. Hilo sikatai."

"Vizuri, usikatae. Sasa nijumlishie tarakimu za namba yako. Moja na tano?"

"Sita," alisema Bwana Risiti, akitazama huku na huku.

"Na moja, na mbili?"

"Tisa."

"Na nane, na nane, na nne, na saba?"

"Thelathini na sita. Kwani kuna nini?"

"Namba ambayo tarakimu zake zikijumlishwa zinagawanyika kwa tatu, na yenyewe inagawanyika kwa tatu. Fundi yule hakuwahi kutoa namba ya hivyo, wala asingeweza. Kila namba yake ilizaliwa na tasa tatu kubwa, kila moja zaidi ya mia. Tatu haina pa kuingilia. Kwa hiyo unaniuzia mtoto ambaye hakuna wazazi wa kumzaa."

Bwana Risiti alishusha miwani ya paji la uso juu ya miwani ya puani. "Afande, hesabu hazimfungi mtu. Labda mzee wa watu alikosea siku hiyo. Alikuwa binadamu."

"Labda." Inspekta alitoa kioo cha kukuzia mfukoni. "Tumshukuru basi kwa kutuachia kielelezo. Namba yako ina nane mbili zilizokaa jirani. Angalia hii ya kulia: imepigwa kwa muhuri mmoja, pigo moja, kingo laini. Ile ya kushoto, upande wake wa kulia ni laini, lakini upande wake wa kushoto umechongwa kwa msumari, na shaba imechanika. Hiyo ilikuwa tatu. Mtu ameiziba matumbo mawili ikawa nane."

Sajini alichungulia. "Hata mimi naona," alisema kwa fahari.

"Mikwaruzo ya zamani," Bwana Risiti akajitetea, ila sauti ilikuwa imepanda. "Fungueni vali zake basi! Kama mnasema zina wazazi, waangalieni."

Alikuwa amelingoja hilo, na Inspekta alijua kuwa amelingoja. Akabonyeza ya kwanza, ikashuka kwa kusaga meno. Ya pili ikakwama katikati. Akazitoa. Chini yake palisomeka 137, 149 na 151.

"Si zile za Shavu," Sajini akasema, na kicheko kikamwisha.

"Saba mara tisa, sitini na tatu, mara moja ni palepale," Inspekta alisema. "Mtoto wa hawa angeishia na tatu. Huyu anaishia na saba. Hawa ni wazazi wa kambo. Umewaweka juzi, na hawakai, sikia wanavyosaga. Swali langu ni moja tu: wale wa kweli uliwatupa?"

Bwana Risiti alianza kupanga upya risiti za msumarini. Lakini Inspekta hakuhitaji jibu lake, alihitaji kulitazama duka lile tu. Kamba za gitaa zilizokatika zilikuwa zimefungwa vifurushi. Skrubu kuukuu zilikuwa kwenye chupa, vipande vya ngozi kwenye ndoo. Mtu aliyetunza hata risiti ya kiberiti asingetupa vali nzima tatu za shaba. Rafuni, kati ya gundi na mkasi, palikuwa na kopo lililojaa vali.

Sajini aliweka hati ya upekuzi mezani. Inspekta akalimimina kopo. Zikatawanyika, nyingi, nyeusi kwa vumbi na kutu. Tatu zilikuwa safi, zinateleza kwa mafuta mapya. Hakuzigusa. Alimwachia Sajini, na Sajini alizigeuza mojamoja kwa ncha ya kalamu, akisoma kwa sauti ya mtu anayetangaza washindi.

"Mia mbili kumi na moja! Mia mbili ishirini na tisa! Mia tatu kumi na tatu!"

Zilipoingizwa kwenye tarumbeta ziliteremka bila sauti, kama mguu unaorudi kwenye kiatu chake.

"Bado ninaweza kuwa nimezinunua," Bwana Risiti alisema.

"Njoo, tafadhali, unisaidie kitu. Ile ngoma ya mlangoni, niliyoikalia. Bwana Risiti, inyanyue."

Aliinyanyua. Hakuwa na nguvu, lakini ilipanda kwa mkono mmoja.

"Nyepesi, eh? Juzi mchana ngoma hiyohiyo, tena haina ngozi ya upande mmoja, ilimvunja mgongo mkuu wa bendi. Ilikuwa na nini ndani?"

Ngoma ikashuka sakafuni na kutoa mlio mmoja mkubwa. Bwana Risiti aliketi juu yake, akavua miwani zote mbili, na akaanza kueleza jinsi mzee alivyotoka kuita mkokoteni, jinsi Bi Mkubwa alivyokuwa karibu, jinsi mkono ulivyojiendea wenyewe. Mikono hupenda sana kujiendea yenyewe, Inspekta alikuwa ameshalisikia hilo mara nyingi.

"Na alinipa pole njia nzima," Sajini aliiga sauti ya mkuu wa bendi, akatoa pingu. "Hii nayo utataka risiti yake?"

*

Alasiri, gari la mahakamani lilipofika uani mwa kituo, aliyepanda alikuwa Bwana Risiti. Shavu alitolewa mahabusu akipepesa macho juani. Sajini alimpokea na Bi Mkubwa mikononi, na jitu lile likamkumbatia tarumbeta na kulia bila aibu. Mkewe alisimama pembeni, mikono kiunoni, akijaribu kukasirika na kushindwa.

"Mimi nipo pia," alisema.

Shavu akamkumbatia naye, tarumbeta katikati.

"Bado sijaambiwa mzigo wa blanketi ulikuwa nini," mke akasema kutoka humo ndani.

Shavu alimtazama Inspekta kwa macho ya kuomba. Inspekta akaashiria kwa kidevu upande wa banda la baiskeli. Adhuhuri alikuwa amempitia seremala wa uchochoroni, maana mtu mwenye vanishi kwenye kucha na kibanzi kidoleni hatoki kuiba shaba. Chini ya banda kulikuwa na kitu kimefunikwa blanketi. Binti wa mkuu wa bendi alilivuta blanketi lile. Kilikuwa kitanda cha mtoto, kina vijiti vya pembeni vilivyochongwa kwa mkono usiozoea, kimoja kimeinama kidogo.

"Nilitaka ukikute siku ya kutoka hospitali," Shavu alisema. "Nilikuwa nimekificha kwa seremala. Ningekisema, ungekijua."

"Ungekwenda jela kwa ajili ya kitanda?"

"Nilijua afande atafika."

"Afande hakujua kama atafika," Inspekta alisema, na ilikuwa kweli.

Mkuu wa bendi alikuwa amesimama mbali muda wote huo, kofia mkononi. Alikuja taratibu, amejipinda. Aligusa kijiti kilichoinama, akakisukuma, kikakaza. Kila mtu uani alijua anatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza kweli hakuwa na mengi.

"Ile ngoma niliibeba mimi mwenyewe," alisema. "Mwizi alinipa pole, nikamshukuru. Halafu nikakuleta wewe hapa." Aliizungusha kofia mkononi. "Nisamehe, mwanangu."

Shavu alisimama kama hakusikia vizuri. Kisha mashavu yakaanza kupanda yenyewe, na alipoyapeleka kwenye tarumbeta, noti ya kwanza ya Bi Mkubwa ilitoka nene na ya chini, ikatikisa vioo vya kituo na kumfukuza paka wa jikoni. Binti akashika tumbo.

"Ameruka!" alipiga kelele. "Baba, ameruka! Anaijua!"

Mzee aliweka kofia kichwani. Akainama kushika upande mmoja wa kile kitanda, na kabla Sajini hajamkimbilia alikuwa ameshakinyanyua, mgongo na yote.

"Wacha," alimwambia Sajini. "Huu mzigo ninajua una nini ndani."